Kadi ya kliniki, namba ya mlangoni na kifo cha Bibi: historia ya kuhesabiwa kwetu Ifakara

Najua nimepotea karibu wiki tatu, wengine mmeniandikia kuuliza kama nimediskoo. Hapana jamani, bado nipo Mkwawa, bado napigwa na baridi ya Iringa, na bumu limeshakata kama kawaida. Kilichonimeza ni kazi ya semina ya Historia. Mwalimu wetu alituambia kila mtu achague chanzo kimoja cha historia kutoka nyumbani kwao, asiende maktaba kudesa. Wenzangu wakaleta picha za babu zao, mkuki, hati ya shamba. Mimi nikaleta kadi ya kliniki. Darasa zima likacheka.

Kazi nimeshaikabidhi, nikapata B. Lakini alitaka kurasa nane tu na mambo mengi yamebaki nje, hasa yale yanayonihusu mwenyewe. Ndiyo nayaweka hapa. Ni ndefu, kwa hiyo tafuta chai kwanza.

Tuanze na kadi yenyewe. Mama yangu anatunza mfuko mmoja wa plastiki ndani ya sanduku la nguo. Humo kuna cheti changu cha ubatizo, risiti za ada na ile kadi ya mtoto, ambayo juu yake imeandikwa RCH na namba 1. Wengi wenu mnazo nyumbani ila hamjawahi kuzitazama. Ndani kuna mchoro: chini ni miezi ya mtoto, pembeni ni kilo. Kila ukipelekwa kliniki unatundikwa kwenye mizani kama furushi, nesi anaweka nukta, halafu nukta zinaungwa kwa mstari. Mstari ukienda kwenye kijani, mama anasifiwa. Ukiingia kwenye kijivu, anaulizwa maswali. Ukifika kwenye nyekundu, mtoto yuko hatarini.

Mimi nilizaliwa Septemba 2004. Nukta zangu ni nzuri mpaka Desemba, halafu hakuna kitu. Januari, Februari mpaka Juni ni tupu. Julai inatokea nukta moja, na hiyo nukta iko kwenye kijivu.

Nilimuuliza Mama, akacheka. "Si tulikuwa shamba wewe!" Waliozaliwa Bonde la Kilombero wameshanielewa. Kwetu mpunga hausubiri mtu. Mvua zikianza familia nyingi zinahama kijijini, zinakwenda kuishi mashambani kwenye madungu, vile vibanda vya juu ambako unalinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori. Mnakaa huko miezi, mbali na shule na mbali na zahanati. Mbu ndio wenyewe. Kumbe ile nafasi tupu kwenye kadi siyo uzembe wa Mama, ni kalenda ya kilimo. Na ile nukta ya kijivu ni homa nilizopata shamba, ambazo Mama anasema zilikuwa tatu.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: nani aliamua kwamba mimi nipimwe? Nani aligundua kadi hii, na kwa nini taarifa zangu zilitakiwa na watu wengine zaidi ya mama yangu?

Wazo la kadi ya namna hii lilienezwa na daktari mmoja Mwingereza, David Morley, aliyefanya kazi vijijini Nigeria miaka ya 1950. Aliona kwamba watoto hawafi ghafla kama watu wanavyodhani. Wengi huanza kwa kuacha kuongezeka uzito miezi kabla, na hakuna anayegundua kwa sababu hakuna kumbukumbu. Akatengeneza mchoro ambao mama anakaa nao nyumbani. Wadau, hilo la mama kukaa nayo ni jambo kubwa. Faili la hospitali linabaki hospitali, lakini kadi ni mali ya mama.

Tanzania huduma za mama na mtoto zilianza kupangwa kama mpango wa taifa mwaka 1974. Na hapa hapa Iringa, kuanzia 1983, kulikuwa na mpango maarufu wa lishe uliosimamiwa na serikali pamoja na UNICEF na WHO, ukaanzia katika vijiji 168. Badala ya uzito wa watoto kuandikwa na kupelekwa makao makuu tu, ulijadiliwa kijijini na kamati za kijiji zenyewe. Watoto wangapi wako kwenye nyekundu? Ni wa nani? Tufanyeje? Mtoto wa fulani anaachwa peke yake kutwa nzima kwa sababu mama yuko shamba, basi tuanzishe sehemu ya kulelea watoto mchana. Dunia nzima ilikuja kujifunza Iringa, na sisi tunaosoma hapa tunapita mjini kila siku bila kujua. Mimi mwenyewe sikujua mpaka mwezi uliopita.

Sasa turudi Ifakara.

Mwaka 1949 alifika kwetu msomi wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, anaitwa Rudolf Geigy. Ifakara ilikuwa tayari na misheni ya Wakapuchini kutoka Uswisi, na hospitali ya misheni ambayo leo ni Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko. Geigy alikuwa anatafuta mahali pa kuchunguza magonjwa ya nchi za joto, na kwa kweli alipata: malaria, homa za papasi, malale, matende, vyote vipo. Mwaka 1957 akafungua maabara ndogo jirani na hospitali. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, kikaanzishwa na kituo cha kufundisha watumishi wa afya vijijini.

Nataka mtazame hilo vizuri kama wanahistoria. Mwanzoni walihesabu wadudu, sio watu. Walitaka kujua papasi anakaa wapi na mbung'o anauma nani. Mtu alionekana kama mahali ambapo ugonjwa unapita. Siwalaumu, ndivyo sayansi ya wakati ule ilivyokuwa. Lakini serikali nayo haikuwa imetuhesabu. Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuandikisha vizazi na vifo tangu 1920, ila kwa muda mrefu haikuwa lazima kwa Waafrika walio wengi. Bibi yangu alizaliwa na kuishi maisha yake yote bila karatasi yoyote kusema alizaliwa lini.

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1980. Mwaka 1982 watafiti walianza kazi ya muda mrefu katika kijiji cha Kikwawila, si mbali na Ifakara mjini. Badala ya kupima mara moja na kuondoka, walirudi tena na tena kwa watoto wale wale, wakiangalia minyoo, malaria, kichocho na lishe kwa pamoja. Ni kama tofauti ya mwalimu wa field anayekaa wiki nane na mwalimu anayefundisha darasa moja miaka saba. Huyu wa pili ndiye anayejua nani anadondoka na kwa nini.

Mwaka 1996 kile kituo kikawa taasisi ya Kitanzania yenye bodi yake, na tangu 2008 inaitwa Ifakara Health Institute. Mwaka huo huo wa 1996, kuanzia Septemba, wahesabuji walipita vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, nyumba kwa nyumba, wakaandika watu zaidi ya elfu hamsini. Kila nyumba ikapewa namba na kila mtu akapewa namba yake ya kudumu. Kuanzia Januari 1997 wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne, na maswali yao yalikuwa mafupi. Nani amezaliwa? Nani amefariki? Nani amehamia, nani amehama? Nani ni mjamzito?

Kijijini tuliwaita tu "watu wa utafiti". Namba ya nyumba yetu ilikuwa mlangoni, na mimi nilikua nikidhani kila nyumba duniani ina namba kama hiyo.

Kwa nini wajisumbue hivyo wakati hospitali ipo? Hapa wadau naomba mnisikilize, maana ndiyo roho ya mambo yote. Hospitali inajua nani alikuja. Haijui nani hakuja. Tuseme hospitali imeandika vifo vya watoto 30. Je, ni vingi au vichache? Huwezi kusema, kwa sababu hujui ni watoto 30 kati ya wangapi, wala hujui wangapi walifia nyumbani au kule dunguni na kuzikwa siku hiyo hiyo. Ni sawa na mwalimu kusema "wanafunzi kumi wamefeli" bila kusema darasa lina wanafunzi kumi na mbili au mia mbili. Ile hesabu ya nyumba kwa nyumba ndiyo inayokupa idadi ya darasa.

Na kazi ilionekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika baadhi ya vijiji vyetu ilikadiriwa kwamba mtu anaumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Baadaye ukaja mradi wa kuuza vyandarua kwa bei nafuu pamoja na dawa ya kuvitia, vyote kwa jina la Zuia Mbu. Kwa kuwa kila mtoto alikuwa na namba, iliwezekana kulinganisha waliolala ndani ya chandarua chenye dawa na wasiolala. Matokeo yakatoka 2001: kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, uwezekano wa kuendelea kuishi uliongezeka kwa asilimia 27. Matokeo kama hayo yalisaidia taifa kuingia kwenye vyandarua kwa nguvu, na mwaka 2004 ikaanza ile Hati Punguzo ambayo mama mjamzito alipewa kliniki. Mama yangu alipata ya kwake akiwa na mimba yangu ya mwisho mwisho? Hakumbuki vizuri. Anachokumbuka ni chandarua cha bluu, na kwamba shamba hakukipeleka kwa sababu kilikuwa kipya na hakutaka kiharibike. Duh. Mama jamani!

Kitaifa nako hesabu zinapendeza. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa 147 kwenye utafiti wa 1999, wakawa 112 mwaka 2004/05, 81 mwaka 2010, 67 mwaka 2015/16 na 43 mwaka 2022. Tafakari darasa lako la awali. Sisi tuliozaliwa 2004 tumeponea katikati ya mteremko huo.

Lakini akina mama wenyewe? Hapa hesabu inakuwa ngumu, na hapa pananigusa.

Kifo cha uzazi maana yake ni mwanamke kufa akiwa mjamzito, au akijifungua, au ndani ya siku 42 baadaye kwa sababu zinazotokana na ujauzito huo. Kwa bahati nzuri vifo hivi ni vichache kulinganisha na vya watoto, lakini uchache huo ndio unaofanya viwe vigumu kuhesabu. Ukipita nyumba mia unaweza usikute hata kimoja. Na aliyefariki hawezi kuhojiwa. Kwa hiyo watafiti wakabuni njia ya kuwauliza ndugu. Mwanamke anaulizwa: mama yako mzazi alizaa watoto wangapi? Wataje mmoja mmoja kuanzia wa kwanza. Huyu ni mzima? Yule dada aliyefariki, alikuwa mjamzito? Alikuwa anajifungua? Ilikuwa ndani ya miezi miwili baada ya kujifungua?

Mwaka 2022 nyumba yetu iliangukia kwenye utafiti wa taifa na Mama akahojiwa. Mahojiano ni ya faragha, mimi nilitumwa nje. Jioni nikamkuta kimya jikoni, mchele umeungua. Akaniambia, "Leo nimemtaja dada." Nikamuuliza dada gani, maana mimi namjua mama mdogo mmoja tu, na wajomba wawili. Ndipo nikajua kwamba nilikuwa na mama mkubwa. Alifariki mwaka 1997, siku ya tatu baada ya kujifungua, damu haikukata. Walikuwa shamba. Mtoto naye hakukaa. Bibi alikataza jina lake lisitajwe ndani ya nyumba, si kwa ubaya, ni kwamba alikuwa hawezi kulisikia.

Miaka 25 jina halijatajwa, halafu anakuja binti mgeni na maswali yake na jina linatoka. Sijui kama yule binti alijua amefanya nini. Kwake lilikuwa swali linalofuata.

Utafiti wa aina hiyo ndio unaotupa zile namba tunazosikia redioni: vifo 578 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2004/05, 454 mwaka 2010, 556 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022. Mkiangalia mtaona namba inashuka, inapanda, halafu inaporomoka. Kila moja ina kiwango cha chini na cha juu, kwa sababu imejengwa juu ya vifo vichache vilivyotajwa na ndugu, tena vya miaka kadhaa nyuma. Kwa hiyo mtu akikupigia kelele na namba moja, muulize imepatikanaje. Siyo kwamba ni ya uongo. Ni kwamba ndani yake kuna watu kama mama yangu wanaokumbuka jikoni. Siku hizi kuna utaratibu mwingine pia: tangu mwongozo wa 2015, kifo cha uzazi kinatakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24 na kikao kikae kujadili kilitokeaje ili kisijirudie. Huko ndiko kuhesabu kunakokaribia ile Iringa ya 1983: unahesabu halafu unakaa chini mnaulizana tufanyeje.

Sasa Bibi.

Bibi alifariki 2016, mimi nikiwa darasa la saba. Kwa miezi mingi alikuwa analalamika kichwa na kizunguzungu. Alipelekwa zahanati moja mara mbili, na mara zote mbili alirudi na panadol na dawa ya malaria. Hakuna aliyemfunga kile kitambaa cha presha mkononi. Siku moja asubuhi alikuwa anapepeta mchele, ungo ukamponyoka, akaanguka upande wa kulia. Maneno yakawa hayaeleweki. Majirani wengine wakasema karogwa. Alikaa siku mbili.

Baada ya arobaini alikuja dada mmoja na fomu. Akasalimia vizuri, "Shikamoo Mama, poleni sana na msiba," akavua viatu, akakaa mkekani. Akaanza kuuliza. Marehemu alikuwa na homa? Alikohoa? Alipoteza nguvu upande mmoja? Ilianza ghafla au polepole? Aliweza kuongea? Aliwahi kuambiwa na daktari kwamba ana presha au kisukari?

Mimi nilikuwa mlangoni, na nilimchukia yule dada. Nilitaka kumuuliza: mlikuwa wapi? Miaka yote mnakuja kila baada ya miezi minne, mnaandika nani kazaliwa nani kahama, na Bibi alikuwa anakaa hapo hapo mkekani kichwa kinamuuma. Leo amekufa ndio mnataka kujua presha yake!

Na umri je? Dada aliuliza Bibi alikuwa na miaka mingapi, na hakuna aliyejua. Basi wakaanza kuhesabu kwa matukio. Uhuru ulimkuta ana umri gani? Alikuwa ameolewa wakati Wachina wanajenga reli ya TAZARA? Mama akasema ndiyo, ana mtoto mmoja mgongoni. Mjomba akasema hapana, wawili. Wakabishana kidogo, wakacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mwisho wakakubaliana kwamba alikuwa na miaka kama 66. Ndipo Bibi yangu alipopata umri rasmi, akiwa kaburini.

Juzi juzi nikifanya hii kazi ya semina ndiyo nimeelewa yale maswali yalikuwa ya nini. Kwa kuwa watu wengi hufia nyumbani bila daktari, watafiti huwauliza wafiwa dalili, halafu zamani madaktari wawili walisoma fomu kila mmoja kivyake na kuandika sababu ya kifo. Wasipokubaliana anaitwa wa tatu. Siku hizi kompyuta hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Na nimejua pia kwamba hasira yangu ya darasa la saba haikuwa peke yake. Kuna watafiti waliuliza swali lile lile mapema kabisa: mbona tunahesabu watoto tu, watu wazima je?

Mwaka 1992 Wizara ya Afya pamoja na watu wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza walianzisha mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima katika sehemu tatu: Dar es Salaam, Hai, na Morogoro Vijijini, mkoa wetu kabisa. Uliendelea mpaka 2004. Walitegemea kukuta UKIMWI, na kweli waliukuta kwa wingi. Lakini walikuta na kiharusi. Mwaka 2000 walichapisha kwamba kwa watu wa miaka 15 hadi 64, vifo vya kiharusi katika sehemu zile tatu vilikuwa mara kadhaa zaidi ya vile vya Uingereza. Wakati ule kila mtu alidhani kiharusi ni ugonjwa wa matajiri wanaokula nyama na kupanda magari. Kumbe wanaokufa ni wakulima ambao presha yao haijawahi kupimwa. Bibi yangu hakuwahi kupanda gari zaidi ya mara tano.

Kisukari nacho ni hivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa 1989 kutoka vijiji sita vya Tanzania ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mmoja katika mia. Utafiti wa taifa wa 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1 wana kisukari, na mmoja kati ya wanne ana presha. Tafiti hizi mbili hazikupima sawasawa wala watu wa aina moja, kwa hiyo usizitoe moja kwa nyingine kama hesabu za darasa la nne. Hata hivyo mwelekeo unaonekana.

Na Ifakara penyewe kuna jambo moja lililonifurahisha. Pale hospitali ya Mtakatifu Fransisko kuna kliniki ambayo tangu katikati ya miaka ya 2000 inaitwa Kliniki ya Magonjwa Sugu. Kila mtu mjini anajua ni ya watu wanaotumia ARV, na wagonjwa wake wamefuatiliwa tangu wakati huo, tarehe kwa tarehe. Lakini wagonjwa hao wamepata dawa, wameishi, wamezeeka. Na walipoendelea kupimwa ikaonekana presha ni jambo la kawaida kwao. Jina la kliniki limekuja kutimia! Na fikiria: mtu wa VVU anayehudhuria kila mara anapimwa presha, na jirani yake asiye na VVU hapimwi mpaka aanguke na ungo. Mtoto ana kadi ya rangi tatu. Mama mjamzito ana kadi yake, RCH namba 4. Bibi hana kadi.

Hilo ndilo hitimisho langu, na ndilo mwalimu aliloandikia pembeni "fafanua". Nafafanua. Kadi siyo karatasi tu. Kadi maana yake kuna mtu atashtuka nukta ikikosekana. Watoto wa Kilombero walianza kupona kwa sababu, pamoja na mambo mengine, kuna watu walijua wangapi wamezaliwa na wangapi hawapo tena, na wakaona aibu. Akina mama wanaanza kupata hesabu yao. Wazee tumewaandika siku ya kufa tu.

Yule dada wa fomu sina kinyongo naye tena. Kama asingekuja, kifo cha Bibi kingebaki "karogwa", na majirani wangeshamtafuta mchawi. Jibu lake limeingia pamoja na majibu ya wengine, na majibu hayo ndiyo yanayofanya leo mtu wizarani aseme kwamba zahanati zote lazima ziwe na kipimo cha presha na kitumike. Lakini sitaki kudanganya kwamba hilo linanitosha. Bibi alihesabiwa vizuri, na hakutibiwa. Mambo haya mawili yote ni kweli, na nimeacha kujaribu kuyapatanisha.

Likizo iliyopita nilimpeleka Mama akapimwe presha. Alikataa kwanza, eti haumwi. Nikamwambia Bibi naye alisema hivyo hivyo. Akaenda. 158 kwa 96. Amepewa dawa na daftari dogo la kuandikia. Nimemchorea mchoro kwa rula, chini miezi, pembeni presha, nikapaka rangi tatu kwa penseli: kijani, kijivu, nyekundu. Ananitumia namba kila Jumamosi, mimi naweka nukta kwenye nakala yangu huku hosteli. Mwezi wa kwanza nukta zote zilikuwa nyekundu. Juzi moja imeingia kwenye kijivu, karibu na kijani.

Ila mvua zimeanza, na kesho kutwa wanahamia shamba. Nimemwambia abebe dawa za kutosha na chandarua, hata kama ni kipya. Akacheka. Tutaona Julai.

Ni hayo tu kwa leo. Wenye vitabu au kadi za zamani nyumbani msizitupe, na ukirudi likizo mpime mzee wako presha hata kama anakupigia kelele. Jumatatu nina tesi ya Saikolojia na sijasoma hata ukurasa mmoja. Niombeeni.